Firigisi Iliyokosa Kazi

Kitengela
Jumanne, 14 Januari 2025

Kwa ndugu yangu Nashon,

Heshima yangu ilipotea Jumapili tarehe tano mwezi huu, saa nane na dakika ishirini mchana, kwa sababu ya kuku wako. Nimeanza na hilo ili usiseme hukuliona. Sasa salamu ya kwetu, mulembe. Habari ya Kajiado, habari ya upepo, habari ya kile kikohozi? Sisi huku tuko wazima, hoteli inaenda, na binti yangu Dolphine anamsalimia mjomba wake.

Naandika barua kwa sababu simu yako iko na ugonjwa. Nikitaja mahindi tunasikizana vizuri, nikitaja kuku network inapotea. Hii nimempa Nzioka anayeniletea kuku wako, ataileta na pikapu yake ndani ya kreti tupu. Kreti haina network.

Sikiza. Watu kumi na mmoja walikuja kutoka upande wa yule kijana wa Dolphine, kujitambulisha. Firigisi kubwa kuliko zote nikamwekea mzee Makokha, baba mkubwa wa kijana, ndiye msemaji wao. Unajua kwetu mgeni mkubwa akikosa firigisi, hajakaribishwa. Marehemu baba alikuwa anaanza kutafuna yake baada ya maombi, inaisha chai ikiletwa. Mzee Makokha alitafuna mara tatu. Nilihesabu. Akaangalia sahani, akauliza, "Mama, hii ni ini?" Nikamwambia ni firigisi. Akasema, "Basi hii haijafanya kazi hata siku moja."

Watu kumi na mmoja wakacheka. Dolphine naye akacheka, mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Nashon, nilianza na sufuria moja na mawe matatu kando ya barabara ya Namanga. Leo niko na meza kumi na nne, na ukutani nimeandika KUKU KIENYEJI KILA SIKU. Miaka tisa nimepika kuku wako, na kuku wako alikuwa anaiva kwa saa mbili na dakika kumi. Tangu Oktoba anaiva kwa dakika thelathini na tano. Kuna nini?

Dada yako mkubwa,
Nakhumicha


Kajiado
Ijumaa, 17 Januari 2025

Dada yangu mpendwa,

Sopa! Hapa ndivyo tunasalimiana, na wewe unajibu Ipa. Niko salama. Kikohozi kimeisha, jirani yangu Mama Seleyian alinichemshia mti fulani, mchungu kama barua yako.

Pole sana kwa mambo ya Jumapili. Lakini umefikiria maji? Maji ya visima vya Kitengela iko na chumvi, inalainisha nyama. Na tangu uache makaa ukaingia kwa gesi, moto wako umekuwa mkali. Na huyo mzee, pengine ameweka meno mapya na hajatangaza.

Kuku ni kuku, Dada. Nimekuwekea arobaini kama kawaida, na wamenona kuliko wa wiki jana. Mwambie Dolphine mjomba anampenda.

Ndugu yako mdogo asiye na hatia,
Nashon


Kitengela
Jumanne, 21 Januari 2025

Ndugu asiye na hatia,

Ipa. Nashukuru Mungu kikohozi kimeisha, sasa utaongea bila kukatika.

Nimepima. Jumamosi nilipika kuku wako wawili, mmoja kwa maji ya kisima na gesi, mwingine kwa maji ya mvua na makaa. Wa kwanza ameiva dakika thelathini na tano, wa pili thelathini na saba. Hizo mbili za juu nimekupea bure. Habari ya meno pia nimeuliza: mzee Makokha hajaweka mapya, ako na yake saba. Meno saba, Nashon, na firigisi haikufika mtafuno wa nne.

Halafu nikachukua kisu nikapasua firigisi kumi. Zamani nikipasua za kuku wako nakuta mchanga, vijiwe, miguu ya panzi. Mwaka juzi nilikuta kifungo cha bluu cha lile shati lako la kanisa, na bado nimekiweka. Kuku aliyekula kifungo ni kuku aliyetembea. Katika hizi kumi sikuona hata chembe ya mchanga. Uji wa kijivu tu. Na mteja wangu Ojwang amesema supu inanukia omena, wale samaki wadogo wa ziwa. Yeye alifurahi sana. Mimi sikufurahi.

Hawa kuku wamewahi kukanyaga udongo?

Dada yako,
Nakhumicha


Kajiado
Ijumaa, 7 Februari 2025

Dada,

Natumaini hii barua inakukuta na afya. Najua kreti mbili zimekuja bila neno. Nilikuwa naandika, nararua.

Hawajakanyaga. Tangu mwisho wa Agosti nachukua vifaranga wa siku moja. Nawafungia ndani, taa inawaka, wanakula chakula ya gunia, hiyo ndiyo iko na omena, na wiki ya saba wanapanda kreti. Hata mimi siwali. Mimi nakula mayai ya Mama Seleyian.

Lakini wewe mtu wa hesabu, piga na hii. Ulianza kwa kuku sita kwa wiki. Ukapaka ukuta rangi, ukaandika kila siku, ukataka arobaini. Kuku wa kutembea anataka wiki ishirini na sita ndiyo awe kuku. Arobaini mara ishirini na sita ni elfu moja na arobaini, wote wakitembea kwa nusu eka yangu kwa wakati mmoja. Wangemaliza nyasi, wamalize kamba za viatu, wanimalize mimi. Mwezi wa saba nilikuambia haiwezekani. Ukanijibu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Basi niliinama, na hicho ndicho nilitoa huko chini.

Kosa langu ni kunyamaza, nikakuacha uite kitu jina lisilo lake mbele ya watu. Nimeona haya. Bado niko na kuku mama tisa wa zamani, wanazurura, mmoja jana amekula sabuni. Sijui kama wakwe watarudi. Sijui kama mimi nitaitwa.

Ndugu yako,
Nashon


Kitengela
Jumanne, 11 Februari 2025

Nashon, mtoto wa mama,

Mulembe. Mimi ni mzima, na huyo aliyekula sabuni nakuombea awe mzima.

Mara ya kwanza nilisoma nikakasirika. Mara ya pili nikachukua kalamu. Elfu moja na arobaini. Nikarudia, ikatoka ile ile. Mimi, ninayehesabu mzee wa watu akitafuna, hiyo sikuihesabu! Ulinyamaza, ndiyo, lakini na mimi sikutaka kujua. Jana nilipanda ngazi mwenyewe nikafuta KILA SIKU, nikaandika JUMAMOSI. Siku zingine watu watakula maharagwe na ng'ombe. Hao wa gunia waliobaki niletee, nitawauza kwa jina lao. Dolphine alishika ngazi, anacheka tena.

Wakwe wanarudi Jumamosi, tarehe 16 Agosti. Mzee Makokha ametuma salamu kwamba anakuja na yale meno saba yote. Na wewe ni mjomba wa Dolphine, usipoketi hatuanzi. Kwa hivyo kifungo chako kiko ndani ya bahasha. Kishone.

Nataka kuku kumi na wawili waliotembea. Weka mayai thelathini chini ya watatu wa wale kuku mama. Kumi hayatatoka, matano ni ya mwewe, matatu ni yako kwa sababu nakujua. Yakiingia chini ya kuku Ijumaa hii, yatatoka tarehe saba Machi, na hapo mpaka kwa wakwe ni siku mia moja sitini na mbili. Wiki ishirini na tatu na siku moja. Hazifiki ishirini na sita, lakini kwa meno saba zinatosha. Ukichelewa wiki mbili, tutampikia mzee ini tena.

Sitaki habari ya maji. Sitaki habari ya network. Nzioka anafunga kreti huko Kajiado Ijumaa saa kumi jioni, na kabla hajafunga nataka karatasi ndani, neno moja: kuku watatu wamelala juu ya mayai, ndiyo au la?

Dada yako,
Nakhumicha