Baba Yupi

Baba Pacha,

Usipitie mlango wa mbele, vioo bado vimetapakaa. Damu ya sakafuni ni ya mdogo wako. Ameshonwa kichwani, amelala, usimwamshe. Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia mwandiko.

Asubuhi fundi wetu wa kuchomelea aliingia na nondo, hata salamu hakutoa. Alivunja kioo cha mlango, akampiga mdogo wako, akamkaba koo akiuliza nani kamlia michango yake ya pensheni. Nilipoingilia, nondo ikanipata mkono. Nami nikambamiza kiti cha chuma mgongoni. Sijutii.

Kumbe hakuna aliyekula. Mwanzoni wewe ulinipigia simu ukasema, "Mlipie Baba michango." Karakana nzima mnamwita fundi Baba. Mimi Baba ninayemjua ni baba mkwe, na namba yake ya uanachama wa mfuko wa pensheni ninayo. Basi akaunti ya karakana imekuwa ikimlipia mzee asiyejua hata kushika nyundo.

Nimekwenda mfuko wa pensheni na barua, michango ihamishiwe kwa mwenyewe.

Chakula kiko jikoni, kipashe.

~~Fundi asikanyage hapa tena.~~ Fundi akija mfungulie, umwombe radhi. Nondo yake nimeificha, usimtafutie.

Limebaki moja. Kila malipo yakiingia, baba yako alikuwa anapata ujumbe kwenye simu. Juzi aliniambia, "Mwanangu amenikumbuka uzeeni." Mwambie wewe. Mimi kwa leo nimeshapigwa.

Mkeo