Tela Lililojengwa Ijumaa ya Kulungu

Mpendwa Shangazi Lorene wa safu ya ushauri gazetini, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu babu yangu na bibi wameuza nyumba yao hapa Elkhart na wanataka kuhamia kwenye tela la kuishi, lile linalofungwa kwenye bodi ya pikapu na kuvutwa, waende kusini kabla ya theluji, na Jumamosi ndiyo wanatia sahihi. Mimi nimesoma vitabu vyote vya maktaba kuhusu fremu za matela, na kwa kuwa pikapu ya babu ni ndogo nikamshauri achukue ya alumini, ni nyepesi na haiozi, lakini yeye aliunga kuta katika kiwanda cha matela miaka thelathini, akaniambia, "Mjukuu wangu, alumini ni ya makopo ya soda. Mbao hushika skrubu."

Basi amechagua jepesi la mbao, hasa kwa kuwa limejengwa na kikosi cha baba yangu kwenye kiwanda hicho hicho, ila nilipoona kadi ya ukaguzi tarehe yake ni ile Ijumaa ya kuamkia msimu wa kuwinda kulungu, na wewe unajua kiwandani wakimaliza idadi ya matela waliyopangiwa siku hiyo wanaruhusiwa kuondoka, na siku ile baba alifika nyumbani saa tatu asubuhi, tayari ana koti la kuwindia. Nilipomuuliza akacheka: "Siku ile tungesahau hata paa tusingejua. Usimwambie mzee, atanisema mpaka Krismasi." Nikisema namwaibisha baba, nikinyamaza paa litavuja na bibi atalowa kitandani. Nifanyeje?

Mwenye Haya, darasa la kumi na moja

Mwanangu Mwenye Haya,

Pole, lakini ugomvi wa mbao na alumini uache. Alumini iliyochomelewa vibaya hupasuka, mbao iliyofungwa vizuri huzeeka na wajukuu. Maji hayaulizi fremu ni ya nini, yanatafuta pembe iliyonyimwa gundi.

Baba yako namsema hapa hapa: kaka, kulungu angekungoja hadi saa sita, na siri yako si mzigo wa kumtwika mtoto. Nawe, haya ni ya kukataa kipande cha pili cha pai, si ya kumwacha bibi alowe.

Mwambie baba ana hadi Alhamisi kumweleza mzee mwenyewe. Akikwepa, mwandikie babu kama ulivyoniandikia mimi. Hatazimia. Miaka thelathini kiwandani, unadhani Ijumaa hizo yeye alibaki kupangusa gundi?

Jumamosi nenda nao. Mwombe muuzaji mpira wa maji, mwagieni paa nusu saa nzima, kisha fungua kila kabati upapase pembe kwa mkono. Ingia chini na tochi, angalia vyuma vilipochomelewa. Palipo na unyevu au ufa, msitie sahihi. Ombeni jingine, la fremu yoyote ile, lililojengwa Jumanne ya Februari, siku ambayo hapa Elkhart hakuna mtu mwenye haraka ya kwenda popote.