Kidude cha Tangi Kimenifungia Maji

Binti yangu,

Usifungue tangi kabla fundi bomba hajafika. Maji ya kupikia nimeyakinga kwenye ndoo ya bluu. Mama yako akirudi, mwambie asifue leo.

Sasa sikia yaliyonikuta wewe ukiwa umelala fofofo. Nimejipaka sabuni mwili mzima, macho hayafunguki, maji yakakatika. Simu ya mama yako ikalia, naye akanisomea mlangoni: “Maji yanavuja. Tangi limefungwa.” Ni kile kidude chako ulichokifunga kwenye tangi kizuie maji yakivuja!

“Anayevuja ni mimi?” nikapiga kelele.

Mama yako akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Hata kikombe cha maji hakuniletea!

Nikatoka na taulo na povu langu nikalifungue tangi mwenyewe. Nyuma ya jiko nikakanyaga tope. Bomba limepasuka, ukuta umelowa chapachapa. Tangi lingekauka kabla ya mchana, na zamu yetu ya maji ni keshokutwa. Kumbe kidude kilikuwa macho kuliko sisi sote.

Basi jioni ~~uking’oe kabla sijakipiga nyundo~~ unifundishe kukisoma kwenye simu yangu. Na Jumamosi twende tukamfungie bibi yako kimoja. Asipotaka, niachie mimi nimweleze.

Baba