Alama Tatu za Panchi

Jumatatu, 6 Machi 1995
Asubuhi valvu za pikapu ya mwalimu. Nimezisaga kwa pesti mpaka viganja vikawaka. Saa nane wameleta trekta ya Mzee Ambani, imevutwa kutoka Shianda. Hedi yake, kile kifuniko cha juu cha injini, niliijenga upya mwezi jana tu. Dereva wake, Makokha, ameruka chini akasema, "Daktari," ndivyo wanavyoniita hapa, "imekataa." Ilianza kukosa nguvu ikiwa na miwa, ikipigapiga kwenye egzosti, kisha ikazima kilimani. Nimezungusha injini kwa mkono. Silinda ya tatu inazunguka bure, haibani hewa. Nilijua shida ni nini kabla sijashika spana. Nimemwambia nitaifungua kesho.

Jumanne, 7 Machi
Nimefungua hedi. Siti ya egzosti, ile ringi ya chuma ambayo valvu hukalia, imetoka shimoni mwake, imelala upande. Valvu imepinda. Na alama zangu tatu za senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kugongea, ziko pale pale ukingoni.

Niandike basi, maana mdomo umenishinda. Mwezi jana shimo lilikuwa limepanuka. Dawa yake ni kulichonga na kutia ringi kubwa zaidi, na mashine iko Kisumu. Mzee alitaka trekta siku hiyo hiyo. Mimi nami, daktari wa hedi, ningesemaje kazi imenishinda? Nikarudisha ringi ya saizi ile ile, nikagonga ukingo kwa panchi mara tatu ili uibane. Nikamimina mafuta ya taa kupima. Hayakuvuja. Yangevujaje? Hedi ilikuwa baridi. Ringi kama hiyo hulegea injini ikipata moto.

Saa kumi Mzee amefika. Ameuliza kama injini imechemka kwa kukosa maji. Nimeitikia kwa kichwa. Kichwa tu. Makokha akasema, "Mzee, mimi naangalianga maji kila asubuhi." Mzee akamwambia atoe ufunguo, aende nyumbani. Nimeendelea kufuta mikono kwa tambara hata baada ya kutakata.

Jumatano, 8 Machi
Nimefunika hedi kwa gunia. Mwoga mkubwa.

Alhamisi, 9 Machi
Makokha amekuja gereji. Nilidhani amekuja kunipiga, nikasogea karibu na benchi. Kumbe amekuja kunialika kwake Jumapili. Nimekubali. Sikupata sababu ya kukataa.

Jumapili, 12 Machi
Shianda, baada ya kanisa. Mkewe ameninawisha mikono. Obusuma, yaani ugali, na kuku, na firigisi juu ya sahani yangu. Kwetu firigisi haipewi mtu ovyo. "Hiyo ni yako, Daktari," mama mwenye nyumba amesema, akacheka kidogo. Nyumba nzima ikanitazama.

Makokha akasema, "Daktari, wewe ndio unajua chuma. Ukimwambia Mzee maji ilikuwa kwa injini, atasikia wewe." Hanishuku hata kidogo. Anaamini nikiitazama hedi vizuri nitaona kwamba hana kosa.

Nimeila. Nimeitafuna muda mrefu, nikaimeza, nikasema asante mama. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mimi nimekula kazi yake, kisha nikala kuku wake. Najichukia.

Jumatatu, 13 Machi
Mzee amekuja kuuliza kazi imefika wapi. Mafundi wote walikuwepo. Nimetoa gunia. Nimeshika kidole chake nikakiweka kwenye alama, moja, mbili, tatu. Nikasema huu ni mkono wangu, Makokha hana kosa. Mzee amesema: "Nimemfukuza mtu bure. Utaenda umwambie wewe mwenyewe."

Nimeenda. Nimesema nikiwa nimesimama uani, sikuingia ndani. Mama alikuwa mlangoni na ungo wa maharagwe. Amesikia yote, akarudi jikoni. Makokha ameuliza kitu kimoja tu: hata Jumapili nilikuwa najua? Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 16 Machi
Nimerudi jana na hedi kutoka Kisumu. Shimo limechongwa safi, alama zimeondoka na chuma. Ringi kubwa imelala kwenye friza ya bucha ili isinyae. Leo nimepasha hedi moto, nikaingiza ringi ikiwa bado ina barafu. Imeingia kwa shida, inavyotakiwa. Saa mbili za kazi. Saa mbili tu.

Jumamosi, 18 Machi
Makokha amekuja kuchukua trekta. Mzee amemrudishia ufunguo. Nilikuwa bado sijafunga hedi. Amechukua kopo la mafuta ya taa, akamimina mwenyewe, akachuchumaa kuangalia chini. Kukavu. Bado hakuridhika. Amegeuza hedi, akapitisha kidole ukingoni mwa ringi, polepole, mzunguko mzima. Nimesimama nikingoja.

Tumefunga pamoja. Imewaka mara moja. Amewaaga mafundi wengine kwa majina. Mimi ameniambia, "Haya, fundi."

Nimeosha spana, nikazipanga.