Macho Siweki

Mama yangu,

Habari ya Kimilili? Mvua imefika ama bado mnaangalia juu tu? Huku baridi inauma mpaka meno.

Picha iliyo upande wa pili wa kadi hii nimeiona yenyewe leo, ukutani mwa jumba la sanaa. Ni ufuo wa bahari wa wazungu wa zamani: upepo, bendera, akina mama na miavuli yao, utadhani ni siku ya soko kwetu. Nikaisogelea nione nyuso. Hakuna! Kila uso ni tone la rangi tu, halina jicho wala pua. Nilisogea hadi mlinzi, mzee mpole, akaniashiria nirudi nyuma. Niliporudi, matone yakawa watu. Nikajua nani anasikia baridi na nani amechoshwa na mumewe.

Sasa Mama, ile picha yangu ya soko, ambayo mwenye hoteli wa Kitale aliirudisha ati watu hawana macho, Mjomba asiipeleke kwa fundi wa mabango aongeze chochote. Ifungie chumbani kwako. Macho siweki. Nikirudi nitampelekea tena huyo mwenye hoteli mimi mwenyewe, nimsimamishe mbali, aitazame vizuri. Akikataa, basi, nitachora nyingine vilevile.

Wewe ulipoiona mara ya kwanza, hukuuliza habari ya macho. Ulisema tu, "Kwa nini umenichora na hiyo leso ya zamani?"

Usiitupe hiyo leso.

Mtoto wako,
Nekesa