Mfungo wa Skola Usioisha

Mama yangu,

Shikamoo. Hamjambo huko Mwazye? Miguu ya baba imepungua kuvimba? Na ulezi je, mmeshavuna? Mimi huku kwenye kambi ya riadha Arusha ni mzima, nakimbia.

Naandika kwa sababu simu yako hushikwa na mdogo wangu Skola, na mambo ya damu siwezi kumpigia mjomba. Soma barua hii peke yako.

Yule msichana wa Singida ninayelala naye chumba kimoja, mwezi uliopita tukiwa mazoezini alikaa chini ghafla. Hakujikwaa, hakusukumwa. Mfupa wa mguu umepasuka wenyewe, Mama! Daktari akamuuliza hedhi aliiona lini mara ya mwisho. Akajibu, mwaka jana. Daktari akasema mwili unaokimbizwa bila kulishwa hujila wenyewe, na mifupa haiachi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikahesabu kwa vidole, maana hata mimi ulikuwa mwezi wa nne sijaona kitu.

Nisamehe, nilikudanganya. Kwaresima ile niliyokuja likizo sikufunga kwa ajili ya Mungu. Nilitaka kupungua niwe mwepesi, na nilijua kwetu hakuna atakayemlazimisha kula mtu aliyefunga. Wewe ukanisifu kwa majirani, na mjomba kwa ukatekista wake akanitolea mfano kwenye jumuiya. Siri nilimwambia Skola peke yake. Mjinga mimi!

Sasa nakula. Uji wa ulezi wenye karanga kabla ya mazoezi, nikirudi ugali, maharage na yai kabla jasho halijakauka. Mwanzoni nilikuwa nalia nikiiona sahani. Siku hizi namaliza mizunguko ya uwanja bila kuona giza, ila hedhi bado haijarudi, na naogopa.

Juzi kwenye simu ulinieleza kwa furaha kwamba Pasaka imepita na Skola bado anafunga, eti, "Huyu atakuwa sista." Hapana, Mama. Usimpige wala usimwaibishe. Kaa naye jikoni mpaka amalize sahani. Mayai msiwawekee wageni tu, na dagaa wa Wampembe wakipatikana mpe. Asikimbie tena mpaka umpeleke hospitali Sumbawanga, na umweleze daktari yote, usione haya.

Msalimie baba. Bibi mwambie nakumbuka mapishi ya mkono wake. Mjomba msalimie pia, ila mwombe asimsifu tena mtoto kwa kushinda na njaa.

Ulipomaliza kuongea siku ile, Skola alichukua simu akatoka nje. Akaninong'oneza, "Dada, hata mimi siku zangu zimekata! Sasa si nitakuwa na mbio kama wewe?" Alikuwa anacheka, Mama. Nikamuuliza kama kuna mahali panauma. Akasema ni mguu tu, chini ya goti, anaufunga kitenge na kuendelea kukimbia.

Mwanao mwenye kosa,
Yustina