Bega la Binti wa Mlingotini

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Kaole tu wazima, ila bibi yako miguu bado inamsumbua.

Unauliza mazoezi ya kufuta watu pichani yana maana gani. Mimi nilijifunzia studio, hapo Bagamoyo mjini, kwa wembe na brashi, kwenye picha zilizoharibika. Siku moja akaja mama wa Mlingotini na picha ya harusi ya marehemu bintiye.

"Mtoe huyo mume. Na mkono wake utoe, ndio uliomuua mwanangu."

Mkono ulikuwa begani kwa bibi harusi. Nilipoukwangua, chini yake palibaki karatasi tupu. Bega ikabidi nilibuni.

Basi fanya mazoezi, mama. Yule mzazi alipoipokea picha, alilibusu bega nililolichora mimi.

Babu yako